Misimbo ya ICD-10 kwa magonjwa ya bandama: mwongozo kamili kwa watu wa kumbukumbu na madai

Bandama (wengu) limepewa nafasi ndogo kwenye ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya kuyapa magonjwa misimbo: kundi moja tu, D73, ndani ya Sura ya III ya magonjwa ya damu. Udogo huo ndio unaoponza. Mtu akiona bandama limetajwa kwenye muhtasari wa kuruhusiwa, anakimbilia D73, anaokota tawi lililo karibu, faili linafungwa. Lakini katika hospitali zetu bandama kubwa mara nyingi si ugonjwa wenyewe. Nyuma yake kuna malaria, kichocho, kalaazari (leishmania ya viungo vya ndani), selimundu, ini lililoharibika au saratani ya damu, na kila kimoja kina msimbo wake nje kabisa ya D73. Ukitafuta chanzo kwanza na D73 baadaye, makosa mengi hayatatokea.

Mwongozo huu unafuata ICD-10 ya WHO. Marekani wana toleo lao, ICD-10-CM, walilolianza rasmi tarehe 1 Oktoba 2015, na kwa bandama linatofautiana na la WHO mahali kadhaa. Kwa wale wanaofanya kazi hiyo huko, tofauti zimetajwa zinapofika. ICD-11, iliyoanza kutumika kimataifa tarehe 1 Januari 2022, ina misimbo yake yenyewe. Usichukue msimbo wa kitabu kimoja ukaupeleka kwenye mfumo wa kingine hata kama herufi na namba zinafanana. Utaona chini jinsi S36.00 inavyoweza kumaanisha vitu viwili.

Hatua ya 1: Soma faili lote, si mstari wa mwisho

Muhtasari wa kuruhusiwa peke yake hautoshi kwa bandama. Vuta pia ripoti ya ultrasaundi au CT, majibu ya picha nzima ya damu na slaidi, maelezo ya chumba cha upasuaji kama mgonjwa alipasuliwa, na jibu la patholojia kama kipande kilipelekwa. Kwenye picha angalia ukubwa (kwa mtu mzima urefu wa kawaida hauzidi sana sentimita 12 au 13), kama kuna mpasuko, jipu, kifuko cha maji au sehemu iliyokufa kwa kukosa damu, na hali ya ini. Kwenye maelezo ya kulazwa tafuta kama mgonjwa alianguka, alipigwa au alipata ajali, hata kama ni siku kadhaa kabla. Damu inaweza kuvuja ndani ya utando wa bandama taratibu, na mgonjwa akafika hospitali muda umepita. Karani asiyesoma ukurasa wa kwanza huandika mpasuko usio wa jeraha wakati jeraha liko pale pale kwenye historia.

Hata hivyo, majibu ya maabara na picha hayakupi ruhusa ya kutunga ugonjwa. Chembe sahani 61,000 na bandama la sentimita 19 vinaweza kukufanya uhisi haipasplenizimu (bandama linaloharibu chembe za damu kupita kiasi), lakini kama daktari hakuiandika, huiandiki. Kazi ya vipimo hivyo ni kukuonyesha la kumuuliza.

Hatua ya 2: Jiulize maswali manne kabla ya kugusa D73

Je, ni jeraha? Kama ndiyo, uko S36.0 na si D73. Mtoto aliyeumia bandama wakati wa kuzaliwa ni P15.1.

Je, mgonjwa alizaliwa nalo? Kukosa bandama tangu kuzaliwa, bandama la ziada na kasoro nyingine za maumbile huenda Q89.0. Kama kasoro hiyo imeambatana na mpangilio usio wa kawaida wa vyumba vya juu vya moyo, angalia Q20.6. Bandama dogo la ziada lililoonekana kwa bahati kwenye ultrasaundi ya mjamzito halihitaji msimbo wowote kama halikumsumbua wala halikubadilisha matibabu.

Je, ni uvimbe wa saratani? Saratani iliyoanzia kwenye bandama lenyewe ni C26.1, na ni nadra. Limfoma haiingii humo hata ikiwa imekaa kwenye bandama tu. Inakwenda C81 hadi C86 kwa aina yake. Saratani iliyosambaa kutoka kwingine ni C78.8. Uvimbe usio saratani ni D13.9, ila ule wa mishipa ya damu, hemanjioma, ni D18.0.

Je, kuna ugonjwa mwingine unaolieleza bandama? Swali hili ndilo lenye kazi kubwa, nalo lina hatua yake hapo chini.

Ukijibu hapana kwa yote manne, sasa fungua D73.

Hatua ya 3: Matawi ya D73, moja baada ya jingine

Anza na faharasa, Juzuu ya 3, kisha thibitisha kwenye orodha ya Juzuu ya 1. Faharasa haionyeshi maelezo yote ya kilichotengwa, na kwa D73 vilivyotengwa ndivyo vinavyoamua.

D73.0 ni haiposplenizimu, yaani bandama lisilofanya kazi ipasavyo. Linaingia bandama lililosinyaa na, kwa WHO, hata hali ya kubaki bila bandama baada ya upasuaji. D73.1 ni haipasplenizimu, bandama linaloharibu chembe za damu kupita kiasi. Tofauti ya maneno haya mawili ni herufi chache tu, na mwandiko wa daktari hauhurumii mtu. Linganisha na damu: chembe zikiwa chini kwa pamoja na bandama likiwa kubwa, kuna uwezekano ameandika haipa. Bandama likiwa dogo au halipo, na slaidi ikionyesha miili ya Howell-Jolly (mabaki ya kiini ndani ya chembe nyekundu), ni haipo. Bado muulize.

D73.2 ni bandama kubwa la muda mrefu linalotokana na damu kurundikana, kama kwa mwenye sirosisi. Itumie tu pale daktari amesema damu imerundikana au amelihusisha na presha ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini.

D73.3 ni jipu la bandama. Peke yake ni nusu ya kazi: ongeza kimelea kutoka B95 hadi B97 kama maabara imekiotesha na daktari amekikubali. Kama kimelea kina msimbo wake wa ugonjwa, huo ndio unaotangulia. Jipu la salmonela si la B96. Angalia A02.2, au A01.0 kama ni taifodi. Kifua kikuu cha bandama ni A18.8 (Marekani wameupa namba yake, A18.85).

D73.4 ni kifuko cha maji. Kabla hujaandika, hakikisha si kifuko cha minyoo ya mbwa, ugonjwa unaojulikana sana Turkana na kwingineko kwa wafugaji. Huo ni B67, na ukiwa nje ya ini, mapafu na mifupa ni B67.3.

D73.5 inabeba vitu vitatu: sehemu ya bandama kufa kwa kukosa damu, bandama kujisokota kwenye shina lake, na mpasuko usio wa jeraha. Wengi hawajui kwamba mpasuko uko humo kwa sababu jina la tawi linataja la kwanza tu.

D73.8 ni mengineyo: makovu ya bandama yasiyoelezwa zaidi, uvimbe wa utando wake, bandama linalohama mahali pake. Kwa ICD-10-CM D73.8 haikubaliki bila tarakimu ya tano, ni D73.81 kwa bandama kubwa lenye upungufu wa chembe nyeupe, au D73.89 kwa mengine. D73.9 ni ya ugonjwa wa bandama usiotajwa, na ukiiandika ujue umeshindwa kupata habari. Ijaribu ya mwisho kabisa.

Na bandama kubwa lisilo na maelezo yoyote? Halimo D73. Ni R16.1, kwenye sura ya dalili. Likiambatana na ini kubwa ni R16.2 moja, si R16.0 na R16.1 zikiwekwa bega kwa bega.

Hatua ya 4: Chanzo kikijulikana, chanzo ndicho kinachoongoza

Juzuu ya 2 ina kanuni MB3: kilichoandikwa kama ugonjwa mkuu kikiwa ni dalili ya ugonjwa uliotambuliwa na kutibiwa, chagua ugonjwa uliotambuliwa. Kwa hiyo daktari akianza na bandama kubwa na kumalizia na kalaazari iliyothibitishwa na kutibiwa, ugonjwa mkuu ni B55.0 na R16.1 inatupwa. Bandama kubwa ni sehemu ya kalaazari, kwa hiyo kuliongeza hakumwambii msomaji chochote.

Kwa malaria, anza na aina ya kimelea: B50 kwa falsiparam, B51 kwa vivaksi, B52 kwa malariae, B53 kwa nyingine zilizothibitishwa, B54 kama aina haikutajwa. Tunayokutana nayo zaidi ni falsiparam, na hapo kuna mtego. ICD-10 ina msimbo maalumu wa malaria yenye bandama lililopasuka, B51.0, lakini ni wa vivaksi pekee. Mgonjwa wa falsiparam aliyepasuka bandama hawezi kuwekwa humo hata kama maneno yanafanana. Weka B50.8, kisha D73.5 kuonyesha kilichotokea. Bandama kubwa la malaria lina njia yake kwenye faharasa: msimbo wa malaria wenye msalaba (†), na D77 yenye kinyota (*), ya matatizo ya damu na bandama katika magonjwa yenye misimbo kwingine. Daktari akiandika tu bandama kubwa la kitropiki bila kuitaja malaria, faharasa inakurudisha R16.1. Hapo inafaa kuuliza, kwa sababu neno moja linabadilisha sura nzima.

Utaratibu wa msalaba na kinyota una sheria moja isiyovunjwa: chenye msalaba ni chanzo, chenye kinyota ni mahali kilipojitokeza, na chenye kinyota hakisimami peke yake kamwe. D77* haiwezi kuwa msimbo pekee wa mgonjwa.

Kwa selimundu, hali ya damu kurundikana ghafla kwenye bandama la mtoto, hemoglobini ikashuka kwa saa chache, ni D57.0 kwa kitabu cha WHO, pamoja na shida nyingine kali za ugonjwa huo. Hakuna tarakimu ya kuitofautisha. ICD-10-CM inaitofautisha: D57.02 kwa mwenye selimundu ya aina ya SS, D57.212 kwa ya aina ya SC. Mgonjwa mkubwa ambaye bandama lake limeshasinyaa kwa mashambulizi ya miaka, na hana shida kali wakati huu, ni D57.1 na D73.0. Mwenye kurithi jeni moja tu ya selimundu, D57.3, hawekewi D73.0 kwa mazoea.

Kichocho cha matumbo kinastahili faili lake. Mwanamume wa miaka 34, mvuvi wa Ziwa Victoria, kaletwa akitapika damu. Endoskopia imeonyesha mishipa ya umio iliyovimba na inayovuja, ikafungwa. Ultrasaundi: bandama sentimita 19, makovu kuzunguka mishipa ya ini. Kinyesi kina mayai ya Schistosoma mansoni. Hemoglobini 6.8, chembe sahani 61,000, ameongezewa damu. Daktari ameandika: kutapika damu kutokana na mishipa ya umio, presha ya mshipa wa ini kwa kichocho, bandama kubwa.

Chanzo ni B65.1†. Mishipa ya umio inayovuja kutokana na kichocho ni I98.3*. Presha ya mshipa wa ini kwa kichocho ni K77.0*, si K76.6, kwa kuwa chanzo kimetajwa. Kutapika damu, K92.0, kunaachwa, maana sasa kuna maelezo. R16.1 nayo inaachwa. D73.2? Hapana, daktari hajasema damu imerundikana kwenye bandama. D77*, ambayo ndiyo ya makovu ya bandama kwa kichocho? Nayo hapana, makovu yaliyotajwa ni ya ini. Upungufu wa damu baada ya kuvuja ghafla, D62, una msingi mzuri kwa sababu aliongezewa damu, lakini lazima daktari auandike. Chembe sahani ni swali la kumpelekea: je, ni haipasplenizimu? Akikubali kwa maandishi, ongeza D73.1. Faili hilo lililoingia na mistari mitatu limetoka na misimbo mitatu ya uhakika na maswali mawili, na D73 haijaguswa bado.

Mwenye sirosisi isiyo ya kichocho anafuata njia nyingine: K74.6 au K70.3 kwa chanzo, K76.6 kwa presha, D73.2 kwa bandama kama limeelezwa hivyo.

Hatua ya 5: Jeraha

S36.0 ni jeraha la bandama. Kwa WHO kuna tarakimu ya tano ya hiari: 0 bila kidonda kilichofungua tumbo, 1 kwa kidonda kilichofungua. Kwa hiyo S36.00 ya WHO ni jeraha lililofungika. S36.00 ya ICD-10-CM ni jeraha lisiloelezwa aina, na haikubaliki mpaka uongeze XA (tiba ya mwanzo), XD (ufuatiliaji) au XS (madhara ya baadaye) mwishoni. Mfumo ukipokea msimbo wa kitabu kimoja kwenye kingine hautalalamika kila mara, ila takwimu zitakuwa zimepotoka.

Wanaotumia ICD-10-CM wanahitaji ukubwa wa mchaniko: chini ya sentimita 1 ni S36.030, sentimita 1 hadi 3 ni S36.031, zaidi ya 3 au bandama lililopasuka kama nyota au kung'oka ni S36.032. Mvilio wa chini ya sentimita 2 ni S36.020, mkubwa zaidi S36.021. Ripoti ya CT au ya chumba cha upasuaji ndiyo inayotoa vipimo hivi. Asipovitaja mtu, unabaki na S36.039 au S36.029.

Jeraha bila sababu ya nje halijakamilika. Abiria wa bodaboda iliyogongana na gari dogo barabarani ni V23.5, dereva wake ni V23.4. Bodaboda ikianguka yenyewe, abiria ni V28.5. Aliyepigwa ngumi au teke ni Y04. Aliyepigwa teke na ng'ombe ni W55. Dai la ajali lisilo na msimbo wa V, W, X au Y ni rahisi kurudishwa, na linarudi na maswali ya polisi juu yake.

Kuna mgonjwa mmoja anayewagawa watu: mwenye malaria ya falsiparam na bandama kubwa, kajikwaa kidogo, bandama likapasuka. Ni D73.5 au S36.0? Usiamue kwa ukubwa wa kuanguka. Daktari akisema mpasuko umetokana na kuanguka, ni S36.0 na sababu yake ya nje, na malaria inaongezwa. Akisema umetokea wenyewe kwa bandama lenye ugonjwa, ni B50.8 na D73.5. Kamwe usiweke zote mbili kwa mpasuko mmoja, kwani D73.5 imetenga mpasuko wa jeraha waziwazi.

Bandama likichanwa kwa bahati mbaya wakati wa upasuaji wa kitu kingine, WHO wanakupeleka T81.2 na Y60.0. ICD-10-CM ina D78.12. Kundi D78 halipo kabisa kwenye kitabu cha WHO.

Hatua ya 6: Asiye na bandama

Mgonjwa aliyetolewa bandama miaka iliyopita, leo kaja na homa. Kwa WHO, hali yake ya kudumu ni D73.0. Kwa ICD-10-CM D73.0 imemtenga waziwazi na msimbo wake ni Z90.81. Hapa ndipo wanaohama kutoka kitabu kimoja kwenda kingine hukosea zaidi.

Hali hiyo isiachwe hata kama haikutibiwa yenyewe, kwa sababu inabadilisha uzito wa kila maambukizi. Sepsisi ya nimokoka kwa mtu huyo ni A40.3 kama ugonjwa mkuu na D73.0 kama wa ziada. Akija kuchukua penisilini ya kujikinga tu, Z29.2 inatangulia. Lakini katika siku zile zile alizolazwa kutolewa bandama, usiweke D73.0. Ugonjwa mkuu ni ule uliofanya litolewe, na upasuaji unaingia kwenye orodha ya taratibu za tiba.

Hatua ya 7: Kuuliza, na hati za kifo

Daktari akiandika inashukiwa mpaka mgonjwa anaruhusiwa na hakuna taarifa zaidi, WHO wanakutaka uuweke kama ugonjwa uliopo. Kama kipimo kimeukanusha, ni Z03. Kwa wagonjwa wa nje wa Marekani sheria ni kinyume: kisichothibitishwa hakiwekwi, weka dalili.

Swali kwa daktari liwe fupi, lisimwelekeze jibu, na libaki kwenye faili. Mfano: "Bandama sm 19, chembe sahani 61,000. Tafadhali andika kama kuna ugonjwa unaohusiana na matokeo haya, au hakuna, au haiwezekani kusema." Ukiandika "Je, niweke haipasplenizimu?" umemwekea maneno mdomoni, na mkaguzi wa bima akilikuta atalikataa dai.

Kwenye hati ya kifo, bandama kubwa lisikae kwenye mstari wa mwisho wa Sehemu ya I kama chanzo. R16.1 ni dalili, haimwambii mtu yeyote mgonjwa alikufa na nini, na misimbo yenye kinyota haitumiki kama chanzo cha kifo. Irudishe hati kwa aliyeisaini kabla maiti haijaondoka, kwa sababu baada ya hapo faili huwa limeshafungwa na daktari wa zamu ameshahama wodi.